Fundi anayeyauliza maji

Ufa ulianzia kona ya nyuma, upande wa kushoto. Ulikata kitako cha tangi kwa mshazari, ukapinda kidogo karibu na katikati, kisha ukapotea chini ya mchanga. Ulikuwa mwembamba hata ukiutazama kutoka juu huuoni. Ilibidi uinamishe kichwa mpaka mwanga wa dirisha uuguse, ndipo ung'ae kama uzi wa buibui. Sakafu ilikuwa imelowa. Tangi la samaki la mita mbili, lililokaa sebuleni kwa mama mkubwa kwa zaidi ya miaka 20, lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu.

Kosa lilikuwa letu. Mama mkubwa alikuwa anahama kutoka mtaa mmoja wa Kolwezi kwenda mwingine, huko Manika, na sisi watoto wa nduguze tulijitolea kubeba vyombo. Tuliwatoa samaki, tukachota maji, lakini mchanga na mawe tuliviacha ndani, tukiona ni kujisumbua bure kuvitoa na kuvirudisha. Tukalinyanyua watu sita. Upande mmoja ulitangulia kupanda, kitako kikajinyonga, na hakuna aliyesikia kitu. Kioo si lazima kilie kinapopasuka. Jioni tulipolijaza katika nyumba mpya, maji ndiyo yaliyotuambia.

Kesho yake akaja fundi. Kolwezi humwita vitriye, kwa Kifaransa, maana kazi inayomlisha ni vioo vya madirisha, milango ya maduka na vioo vya kujitazamia. Matangi ya samaki humjia mara chache kwa mwaka. Nilikaa naye zaidi ya wiki tatu, nikimshikia hiki na kumletea kile, na ninaandika haya kwa sababu kazi yake ilinifundisha kutazama.

Mama mkubwa alitaka jambo jepesi: ufa upakwe silikoni, zipite siku mbili, samaki warudi kwao. Ndivyo tulivyolelewa, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyostahili kusikilizwa mtu wa umri ule, kisha akamjibu kwa Kiswahili cha kwetu: "Mama, ya mupya haiwezi kushika juu ya ya zamani. Tuondoe yote." Kwa kioo, methali inageuka: ukiuziba ufa, ndipo utakapoujenga ukuta mara mbili.

Sisi tunaoishi karibu na mashimo ya migodi tulipaswa kulijua hilo bila kuambiwa. Nyumba zetu zina nyufa ukutani. Kila kiangazi mtu hukoroga saruji kidogo, akaziba, akapaka rangi juu yake. Mvua za Oktoba zikianza, ufa unatoka palepale. Tumezoea kuishi na kiraka. Fundi huyu hana kiraka mkobani mwake.

Alianza kwa kuusoma ufa. Aliufuata kwa ukucha mpaka kwenye kona, akainama, akaumulika kwa tochi. Pale ukingoni palikuwa na kimeguko kidogo kama punje ya mtama, na ndani yake uchafu mweusi wa miaka. Mpasuko wa kioo hauwezi kuficha ulikozaliwa: penye mwanzo pana sehemu ndogo nyororo inayong'aa, na kutoka hapo mistari iliyopinda husambaa kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe. Kimeguko kile kilikuwapo tangu siku kioo kilipokatwa. Kilikaa kikisubiri, na sisi kwa haraka yetu tukakipa nafasi. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alilieleza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1920: kioo kingekuwa na nguvu nyingi kuliko tunayoijua, ila uso wake una mikwaruzo midogo isiyoonekana, na mzigo hujikusanya kwenye ncha ya mkwaruzo. Fundi hakusoma hayo kitabuni. Lakini tangu dakika ile nilielewa kwa nini hukishika kila kioo kwanza ukingoni.

Inafaa kujua anachoshindana nacho. Tangi lina urefu wa sentimita 200, upana 60 na kimo 60. Likijaa hadi juu linachukua lita 720, yaani kilo 720 za maji. Vioo vyake, vya unene wa milimita 12, ni kilo 130 hivi, kwa kuwa mita mraba moja ya kioo cha unene huo ina kilo 30. Ongeza mchanga na mawe, na meza ya mbao sebuleni imebeba karibu tani moja. Tena maji hayaelemei chini peke yake. Ukuta wa mbele unasukumwa nje kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 360 hivi, usiku na mchana, miaka yote. Karibu na uso wa maji msukumo huo ni kama haupo. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokua, na ukiukusanya wote mahali pamoja, unakaa sentimita 20 tu juu ya kitako. Msukumo kwenye kila sehemu ya kioo hufuata kina. Urefu wa tangi hauuongezi, ila unakipa kioo nafasi ya kufanya tumbo. Ndiyo maana tangi refu hufungwa mikanda ya kioo juu, na ndiyo maana maungio ya chini ndiyo yanayomkosesha fundi usingizi.

Kubomoa kulichukua siku mbili. Alitoa mkobani uzi wa gitaa, ule mwembamba wa chuma, uliofungwa vijiti ncha zote mbili. Katika jimbo alikozaliwa Mwenda Jean Bosco, bingwa wa gitaa kutoka Bunkeya, uzi uliokatika haukosi mtu wa kuuhifadhi. Kwanza alichanja silikoni kwa wembe kwa nje na kwa ndani, kisha akaupenyeza uzi katikati ya vioo viwili, akanipa kijiti kimoja, yeye akashika kingine. Tukavuta kwa zamu kama watu wa msumeno. Nilivuta kwa nguvu. Akasimama, akangoja niangalie mkono wake, akaanza tena: mvuto mfupi, mwepesi, ulionyooka. Uzi ukienda upande, unameguza ukingo, na ukingo uliomeguka ni ufa wa kesho. Ilipofika magharibi ya siku ya pili, tangi lilikuwa limelala juu ya mablanketi uani, vipande vitano: kuta nne nzima na kitako kilichopasuka.

Ndipo ilipokuja kazi ya wembe, na kazi ya wembe ndiyo niliyokuja kuiheshimu kuliko zote.

Kila ukingo wa kila ukuta ulikuwa na ganda la silikoni ya zamani. Sehemu nene zilitoka kwa vidole, ndefu kama tambi. Kilichobaki ni utando mwembamba usioonekana kwa jicho. Fundi aliulaza wembe karibu na kioo, akausukuma upande mmoja tu bila kuurudisha, akaufuta, akausukuma tena. Wembe ulipoanza kulia alijua umekwisha, akautupa ndani ya kopo la maziwa na kutoa mwingine. Siku tatu. Hakuna kilichokuwa kinaongezeka. Mpita njia akichungulia uani asubuhi na kurudi jioni, angeona vioo vilevile vinne na mtu yuleyule ameinama.

Mara tatu nilimwambia ukuta mmoja umeshakuwa safi. Mara tatu hakunibishia. Alichovya kitambaa cheupe katika maji, akakipitisha ukingoni, akanionyesha. Mahali pasafi, maji yalitanda kama ngozi nyembamba na kutulia. Mahali ambapo palibaki japo harufu ya silikoni, yalijikunja, yakakimbia, yakawa matone. Silikoni haikubaliani na maji. Hata alama yake ambayo jicho limeikosa na kidole kimeikosa, maji huikwepa. Basi alikuwa hajiulizi mwenyewe kama kazi imekwisha, wala haniulizi mimi. Aliyauliza maji, kisha akarudi kwenye wembe pale yalipomwonyesha.

Sababu ya ukali huo ni hii. Silikoni mbichi hukamatana na kioo kitupu kwa sababu vyote viwili asili yao ni mchanga. Ikishakauka, haina tena mkono wa kumpa mwenzake. Ukiipaka mpya juu ya kavu, italala hapo, itang'aa, itapendeza, hata itashika maji wiki nzima. Kisha siku moja itabanduka kama ganda la kidonda, na kilo 360 zitapata njia.

Kitako kipya kilihitaji kioo kipya. Bamba zima la kioo hufika Kolwezi kwa lori, likipita Kasumbalesa, Lubumbashi na Likasi, limesimamishwa wima na kuegemezwa kwenye fremu ya mbao. Kioo hakilazwi safarini. Kikilala, uzito wake na mashimo ya barabara hukivunja kabla hakijafika. Dukani muuzaji alituonyesha kwanza kioo kinene cha mlango, cha bei nafuu. Fundi alitazama pembe yake, akaona alama ndogo iliyochapwa, akatikisa kichwa. Hicho ni kioo kilichotiwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Hakikatiki tena: ukikigusa kwa almasi ya fundi, kinaweza kumwagika chote kama chumvi ya mawe.

Tulichochukua ni kioo cha kawaida cha milimita 12. Uso wake ni sawasawa kuliko meza yoyote, na sababu yake inafurahisha mtu wa Katanga. Tangu Pilkington wa Uingereza walipoutangaza ufundi huo mwaka 1959, kioo bapa hutengenezwa kwa kumwagwa kikiwa uji wa moto juu ya bati lililoyeyuka, kikaelea hapo mpaka kigande. Bati ni madini yaleyale yaliyoujenga mji wa Manono. Tukakisimamisha juani: ukingoni kina ukijani, kwa sababu ya chuma kidogo kilichomo katika mchanga wake. Kingetiwa kobalti kidogo, kingekuwa cha samawati, kama vioo vilivyotiwa kobalti tangu zama za mafarao. Nimekulia mjini ambapo kobalti hupimwa kwa malori, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifikiria kama rangi.

Kukata kulikuwa kwa dakika moja, na maandalizi kwa asubuhi nzima. Alitandika blanketi juu ya meza, akalilaza bamba, akalifuta vumbi jekundu la kiangazi mara mbili, kwa kuwa punje moja chini ya gurudumu la almasi huruka na kuupotosha mstari. Siku hizi almasi ya fundi ni kigurudumu cha madini magumu, lakini jina la zamani halijamtoka mdomoni. Alikichovya katika mafuta ya taa, akaweka rula ndefu, akavuta pumzi, akakivuta kigurudumu kwa mwendo mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Sauti yake ni kama hariri inayochanwa. Mstari huvutwa mara moja tu. Ukiurudia, unavuruga ufa mdogo ulioupanda, na kioo hakijui tena kifuate upi.

Mara ya kwanza haikwenda vizuri. Alipogonga kwa chini, mpasuko ulitembea robo tatu ya njia kama ulivyoamriwa, kisha ukachepuka, ukakimbilia ukingo mwingine. Bamba la bei kubwa likawa limeharibika mbele yetu. Nilimtazama usoni. Hakutukana, hakutafuta wa kulaumiwa. Aliliinua, akalisimamisha ukutani, akaligeuza huku na huku kama mshonaji anayepima kitambaa kilichobaki, akasema, "Hii itakuwa mikanda." Kisha akalilaza mezani bamba la pili, akafuta vumbi mara tatu badala ya mbili, akakata. Safari hii ufa ulinyooka kama uliokuwa ukingoja kuitwa.

Kingo zote alizisugua kwa jiwe la kunolea na maji, ili vumbi la kioo lisiingie kifuani na ili joto lisizaliwe. Hakuwa anatafuta uzuri, kwani kingo hizo zitafichwa. Alikuwa anavifuta vile vimeguko vidogo ambavyo kimoja chao kilitufikisha hapa. Alipomaliza alipitisha ukucha ukingo mzima, mita mbili, bila kupumzika, na ukucha haukukwama popote.

Meza nayo alikuwa na neno nayo. Katika lugha yetu chombo cha kupimia usawa kinaitwa pima maji, na sijawahi kulisikiliza jina hilo hadi nilipomwona fundi akikilaza mezani, mara kwa urefu, mara kwa upana, mara kwa mshazari. Mguu mmoja ulikuwa chini kwa unene wa sarafu. Aliweka kibanzi, akapima upya. Juu ya mbao akatandaza bamba la frigoliti, ile povu nyeupe inayofungiwa vyombo vya umeme, ili punje yoyote ya mchanga itakayojificha chini ya kitako ididimie kwenye povu na isikichome kioo. Tani moja juu ya punje moja: hapo ndipo matangi mengi hufia.

Siku ya kuunganisha hakutaka mazungumzo. Vioo alivifuta kwa asetoni, kwa vitambaa vyeupe, akatupa kila kitambaa kilichobadilika rangi, mpaka kimoja kikabaki cheupe. Baada ya hapo hakuna kidole kilichoruhusiwa kugusa ukingo, maana hata mkono uliooshwa una mafuta. Kandokando ya kila maungio alibandika utepe wa karatasi. Alichagua silikoni ya kawaida ya vioo, isiyo na dawa ya kuua kuvu; ile ya bafuni huwekwa dawa hiyo, na kinachoua kuvu huua na samaki. Kisha akashika bunduki ya silikoni na kuanza kitako, ukuta wa nyuma, ubavu, ubavu, ukuta wa mbele. Silikoni huanza kushika utando ndani ya dakika chache tu, kwa hiyo kila hatua ilikuwa imeshafanyiwa mazoezi bila gundi, mara mbili, tangu asubuhi. Mimi nilishika, yeye akaminya. Alisukuma kila ukuta mpaka silikoni ikatokeza ndani na nje bila povu la hewa, na akaacha katikati unene mdogo wa gundi, kwani maungio yaliyobanwa mpaka yakakauka hayana kinachonyumbuka. Akaulainisha mstari wa ndani kwa kidole kilicholowa, mvuto mmoja kila upande, akabandua utepe wakati gundi ingali mbichi. Nyumba nzima ikanuka siki. Ndiyo harufu yake: inapokomaa hutoa asidi ileile iliyo katika siki.

Zamani haikuwa hivi. Matangi ya miaka ya 1950 yalikuwa na fremu ya chuma, na vioo vilishikwa kwa lami au lipu ya mafuta iliyokauka na kupasuka kila tangi lilipokaa tupu. Tangi la kioo kitupu, lisilo na mifupa, limewezekana kwa sababu ya silikoni. Kinachobeba tani sebuleni ni ukanda wa mpira mwembamba kuliko kidole, na usafi wa mahali ulipobandikwa.

Kisha tukangoja, na kungoja kulikuwa kazi. Silikoni haikauki kama tope linavyokauka kwa kupoteza maji. Inakomaa kwa kunywa unyevu wa hewani, ikianzia nje kuelekea ndani, milimita mbili au tatu kwa siku. Ilikuwa Juni. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na katika kiangazi hewa yake ni kavu hadi midomo inapasuka. Mtu angedhani ukavu utaharakisha mambo. Fundi alijua kinyume chake: akaleta ndoo mbili za maji, akaziweka ndani ya chumba kando ya tangi, akatundika vitambaa vilivyolowa, akafunga mlango. Gundi iliyokusudiwa kuzuia maji ilikuwa inalishwa maji. Akasema atarudi baada ya siku saba, na mama mkubwa, ambaye mwanzoni alitaka siku mbili, hakuuliza kitu.

Wakati huo samaki walikuwa katika pipa. Ni frontosa, wale wakubwa wenye nundu ya paji la uso na mistari myeusi juu ya weupe unaoelekea samawati, wazao wa samaki ambao marehemu mume wa mama mkubwa aliwaleta kutoka upande wa Moba, kwenye Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina kinachofika mita 1,470 na zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa frontosa, karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Maji yake hutoka kwa mto Lukuga, pale Kalemie, na kuingia Lualaba, mto uleule ambao bwawa la Nzilo limeuzuia karibu na mji wetu tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo mama mkubwa husema samaki wake si wageni. Wamepanda tu mto.

Kuwatunza pipani kulikuwa na masharti. Mapipa ya bluu yapo kila kona Kolwezi, lakini huwezi kujua lilibeba nini kiwandani, kwa hiyo mama mkubwa alinunua jipya. Usiku wa Juni ni baridi, nao wamezoea maji ya nyuzi 25 au 26. Umeme ulipokatika alilifunga pipa kwa mablanketi na kuchovya chupa za maji ya moto zilizozibwa. Jirani alimletea zawadi, jiwe zuri la malakiti, la kijani lenye mawimbi, akisema litapendeza tangini. Mama mkubwa alishukuru kwa mikono miwili na kuliweka kabatini. Malakiti ni kaboneti ya shaba, na shaba, hata kidogo sana, ni sumu kwa viumbe wa majini. Tunakula kwa shaba, tunasomesha watoto kwa shaba, na ndani ya maji yale haitakiwi hata koki ya shaba nyekundu.

Jike mmoja alikuwa amebeba mayai mdomoni. Tuligundua siku ya kuhama: koo lake limevimba na amekataa chakula. Frontosa hutotoa hivyo. Mama huwahifadhi watoto mdomoni kwa wiki nne au zaidi, naye hali karibu kitu. Akitishika huwatema. Mama mkubwa alilifunika pipa kwa kanga, akakataza watoto kukimbia karibu yake, na kila asubuhi alichungulia kwa upande mmoja wa kanga, akahesabu siku kwa vidole.

Fundi alirudi siku ya saba, akabonyeza silikoni iliyofurika nje kwa ukucha, akainusa. Siki ilikuwa imekwisha. Akabandika juu mikanda iliyokatwa kutoka lile bamba lililoharibika, akatupa siku tatu nyingine. Kisha tukajaza, kidogo kidogo: sentimita 15 siku ya kwanza, 30 ya pili, 45 ya tatu, kimo chote siku ya nne. Kila hatua alitandika magazeti makavu chini ya maungio yote, maana karatasi hukubali tone ambalo kiganja hakilihisi. Kila alfajiri nilipiga magoti kuyapapasa. Yalikuwa makavu.

Siku ya nne maji yalifika juu. Nilidhani atatazama maungio. Badala yake alirudi hatua tatu, akachuchumaa mpaka jicho lake likalingana na mstari wa maji, akapima kwa rula umbali kutoka majini hadi ukingo wa kioo, pembe ya kushoto, pembe ya kulia, mbele na nyuma. Milimita 20, 20, 20, 20. Pima maji ilikuwa mkobani, hakuitoa. Aliyauliza maji yenyewe kwa mara ya mwisho, nayo yakamjibu yakiwa yametulia.

Alipokuwa anafunga mkoba nilimwonyesha bakuli uani. Ndani yake nilikuwa nimekusanya silikoni ya zamani yote aliyoiondoa, tambi na maganda na ule unga wa mwisho wa wembe. Haikuzidi uzito wa embe moja. Siku tatu za kazi yake. Aliitazama kidogo, akaimwaga kwenye pipa la takataka, akasuuza bakuli, akalirudisha jikoni kwa mama mkubwa kwa mikono miwili.

Samaki walirudi juma lililofuata, baada ya maji kupata joto na kutulia. Yule jike aliingia wa mwisho, mdomo umefumbwa, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiwe katika ile kona ya kushoto. Siku nne baadaye aliufungua.